Mashine ya spindeli mbili haitaki programu ya kunakili

Bwana Mhariri,

Karakana za Lubumbashi zinapoleta mashine za kukereza zenye spindeli mbili (sehemu zinazoshika na kuzungusha kipande) na chaneli mbili (pande za udhibiti, kila moja na programu yake ya kukata), tunawasihi mafundi umeme wasinakili programu ya otomati (PLC, kompyuta ndogo inayoongoza ishara za mashine) ya mashine ya chaneli moja. Kwenye SINUMERIK 840D, mfumo wa Siemens wa kudhibiti mashine, ishara za chaneli ya kwanza ziko DB21 (DB ni bloku ya data), za ya pili DB22; za mihimili ya mwendo na spindeli huanzia DB31. Programu iliyonakiliwa hupeleka amri ya kusimama DB21 tu: upande mmoja unasimama, mwingine unaendelea kukata chuma.

Hatari kubwa zaidi ni kupokezana kipande, kutoka spindeli ya kwanza kwenda ya pili. Spindeli ya pili ifikie kasi ya mwenzake (chuma kikiwa cha pembe sita, pembe nazo zilingane), ishara ya ulinganifu ithibitishwe, ndipo taya zifunge. Ya kwanza isiachie kabla swichi ya shinikizo haijathibitisha mbano. Wengine huweka taima ya sekunde mbili badala ya swichi. Mafuta ya haidroliki yakiwa baridi shinikizo huchelewa, na kipande kinaruka. Tunaona huo ni uzembe usiovumilika.

Kufuli la mlango lisubiri DBX61.4 (ishara kwamba spindeli imesimama) ya spindeli zote mbili, na kitufe cha dharura kipitie relei ya usalama.

Mafundi umeme wa karakana, Lubumbashi