Barua ya wazi kwa Waziri: meli isafishwe kwanza, tarehe baadaye

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya bahari na uvuvi,

Tangazo la wizara yako kuhusu kuizamisha manowari kuukuu ili iwe mwamba bandia limetaja siku, saa, na hata mahali watakapokaa wageni rasmi. Halikusema nani atakagua ngama na vyumba vya mitambo, wala ripoti yake tutaisoma wapi. Naomba uifute tarehe hiyo, na usipange nyingine mpaka ripoti iwe mikononi mwa wananchi.

Sipingi meli kuzamishwa. Chuma kikitua penye mchanga mtupu, mwani na sponji hushika, samaki hufuata, na wazamiaji huja na fedha zao. Marekani iliizamisha Oriskany, manowari ya kubeba ndege, nje ya Pensacola, Florida, mwezi Mei 2006. Ilizama kwa dakika 37. Lakini kabla ya dakika hizo kulikuwa na miaka ya kusafisha na kubishana juu ya kemikali za sumu ziitwazo PCB zilizosalia kwenye nyaya zake, na gharama zilifika takriban dola milioni 20.

Manowari kuukuu kama hizi huwa na asbesto kwenye mabomba, madini ya risasi kwenye rangi, PCB kwenye vifaa vya umeme, na masalio ya mafuta matangini. Chini kabisa kuna ile rangi ya kuzuia viumbe wasinate, ambayo kazi yake ni kuua kile kile tunachotaka kiote.

Kuahirisha si aibu, Mheshimiwa. Australia ilipanga kuizamisha manowari yake HMAS Adelaide karibu na Avoca, New South Wales, mwezi Machi 2010. Wakazi walikata rufaa, shughuli ikasimamishwa, na ikaamriwa usafi uongezwe, zikiwemo nyaya kuondolewa. Meli ikazamishwa Aprili 2011. Hakuna samaki aliyelalamika kwamba imechelewa.

Hata pasipo sumu, uzamishaji wenyewe hauna adabu. Mei 2002, karibu na Key Largo, Florida, Spiegel Grove, meli kuukuu ya jeshi la majini la Marekani, ilizama kabla ya wakati wake, ikapinduka, gubeti likabaki limechomoza juu ya maji. Walipofanikiwa kuishusha ililala ubavu, hadi Kimbunga Dennis kilipoisimamisha mwaka 2005. Sidhani kama wizara ina fungu la kusubiri kimbunga.

Kuna pia suala la uvuvi. Wataalamu hawajaacha kubishana kama miamba ya namna hii huongeza samaki au huwakusanya tu waliokuwa wametawanyika. Ikiwa inawakusanya tu, basi tutakuwa tumewapeleka wavuni kwa gharama ya serikali. Kanuni ya nani atavua hapo, na kwa zana gani, itoke kabla ya baruti kufungwa.

Itifaki ya London, mkataba wa kimataifa wa kulinda bahari, inakataza kutupa taka baharini, ila haihesabu kuwa ni utupaji pale kitu kinapowekwa kwa kusudi jingine lisilokiuka malengo yake. Meli chafu haitaingia kwenye mlango huo kwa sababu tu imeitwa mwamba. Mkaguzi basi asiwe mtu wa kampuni inayolipwa kuizamisha, na orodha ya kila kitakachobaki ndani ichapishwe, pamoja na jina la atakayelipa kikigundulika kingine.

Wako,
Mzamiaji na mlipa kodi