Mpunga wa Vercelli na majaruba ya Mwea

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mkoa mmoja wa kaskazini mwa Italia ambao ni nadra kutajwa kwetu, ilhali ungestahili kujulikana na kila Mkenya anayepika mchele wa pishori. Mkoa huo ni Vercelli, ulio katika jimbo la Piemonte, baina ya miji mikubwa ya Torino na Milano. Wafuatiliaji wa historia ya kandanda huenda wanalikumbuka jina hilo kwa sababu ya Pro Vercelli, timu iliyotwaa ubingwa wa Italia mara 7, mara ya mwisho ikiwa mwaka 1922. Mimi naandika kwa sababu ya maji.

Kaskazini mwa mkoa huo ni milima mitupu. Juu ya Punta Gnifetti, kilele kimojawapo cha Monte Rosa, kuna nyumba ya wapanda milima iitwayo Capanna Margherita, iliyojengwa mita 4,554 juu ya usawa wa bahari. Chini yake, katika bonde la Alagna, waliishi Wawalser, watu wenye asili ya Kijerumani waliovuka Alpi karne nyingi zilizopita na kubaki na lugha yao. Huko ndiko unakoanzia mto Sesia, unaoteremka hadi kwenye tambarare na kupita kando ya mji wa Vercelli. Aliyezaliwa Kirinyaga hahitaji ramani kuielewa picha hii, kwani mito ya Thiba na Nyamindi nayo hushuka kutoka Mlima Kenya na kuingia katika majaruba ya Mwea.

Mpunga umelimwa katika tambarare hiyo tangu karne ya 15. Msimu wa kupanda unapofika, majaruba hujazwa maji, na wenyeji huiita nchi yao bahari ya miraba, maana kutoka mbali huonekana maji matupu yaliyokatwakatwa na matuta. Italia hutoa takriban nusu ya mchele wote unaozalishwa katika Umoja wa Ulaya, na kitovu cha kilimo hicho ni Vercelli pamoja na mikoa jirani ya Novara na Pavia. Hata aina ya mchele iitwayo Arborio ilipewa jina la mji mdogo wa mkoa huu. Chakula chao cha nyumbani, panissa, ni wali uliopikwa pamoja na maharagwe, jambo lililonifurahisha sana nilipolisoma.

Hata hivyo, maji hayo hayakujigawa yenyewe. Mwaka 1853 Camillo Cavour, mwanasiasa aliyekuwa na shamba la mpunga huko Leri, aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa magharibi ya Sesia, ili wakulima wenyewe wasimamie ugawaji wa maji ya mifereji, na chama hicho kingali kinafanya kazi hadi leo. Baada ya kifo chake ulichimbwa mfereji unaobeba jina lake, kati ya mwaka 1863 na 1866, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 80, ukichota maji ya mto Po pale Chivasso na kupita chini ya mto Sesia wenyewe kuelekea mto Ticino. Kazi ya namna hiyo, iliyofanywa kwa muda mfupi kiasi hicho, inastahili heshima.

Heshima kubwa zaidi nawapa wanawake walioitwa mondine, waliokuja kila mwaka kupalilia mpunga wakiwa wameinama tangu alfajiri, maji yakiwafika magotini. Mwaka 1906 waligoma mjini Vercelli na wakapata siku ya kazi ya saa 8, wakati ambapo wafanyakazi wengi wa Ulaya hawakuwa nayo. Shangazi yangu amepandikiza miche Mwea kwa miaka mingi, na jioni huwa hawezi kunyoosha mgongo mpaka aegemee mlango kwanza. Niliposoma habari za mondine nilimwona yeye.

Sidai kwamba wenzetu wamemaliza matatizo yao. Ukame wa mwaka 2022 ulipunguza mno maji ya mto Po na kuharibu mpunga mwingi katika eneo hilo. Mwaka huohuo sisi tulizindua Bwawa la Thiba, nasi Mwea tunavyo vyama vya watumiaji maji. Lakini jaruba la shangazi yangu liko mwisho wa mfereji, na msimu uliopita maji yalimfikia wakati miche yake kitaluni ilikuwa imekwisha kupita umri wa kupandikizwa, huku majirani wa karibu na lango la mfereji wakiwa tayari wanapalilia.

Kwa hiyo naomba jambo moja, Mhariri. Msimu ujao wa kupandikiza utakapoanza, mtume mwandishi wako Mwea, asiishie bwawani wala ofisini, bali aufuate mfereji hadi mwisho wake. Awaulize wakulima wa huko maji huwafikia siku gani, zamu hupangwa na nani, na ni nani anayeshika ufunguo wa lango.

Msomaji wako,
Kasarani, Nairobi