Asilimia 98 ya kache, na bakapu bado inachelewa

Bakapu, yaani kazi ya kunakili faili kwa akiba, ikianza kuchelewa, lawama za kwanza huangukia mtandao au kanda za sumaku zinazotunza nakala. Sisi huanza kwingine: kwenye hifadhidata ya seva yenyewe. Katika mfumo kama IBM Storage Protect, ambao wakongwe wa kazi hii bado wanauita TSM, kila faili iliyohifadhiwa ina maelezo yake humo: imetoka mashine gani, ni toleo lipi, imekaa kanda ipi au diski ipi. Seva haipokei faili, haifuti wala hairudishi chochote bila kupekua maelezo hayo.

Maelezo hayo hukaa diskini kwa mafungu yanayoitwa kurasa, na kurasa zinazotumika sana huwekwa pia kwenye RAM, ndani ya kache. Seva ikiutafuta ukurasa na kuukuta kacheni, imepata. Isipoukuta, imekosa, na inabidi iufuate diskini. Asilimia ya kache ni hesabu ya mara ilizopata kati ya mara zote ilizotafuta. Wasimamizi wengi hulenga 98 au zaidi.

Tatizo ni kwamba namba hii huwapumbaza watu. 98 na 99 zinaonekana kama majirani wa mlango kwa mlango. Lakini kinachokula muda ni kukosa, kwa hiyo hesabu mara ilizokosa. Seva ikitafuta kurasa 1,000,000, asilimia 99 ina maana ya kwenda diskini mara 10,000. Asilimia 98 ni mara 20,000. Asilimia 95 ni mara 50,000. Kwa diski ya kuzunguka inayochukua milisekunde 10 kila safari, zikifuatana moja moja, hizo ni sekunde 100, sekunde 200 na sekunde 500. Kutoka 99 hadi 98 namba imeshuka pointi moja tu, na muda wa kusubiri umekuwa maradufu! Ndiyo maana mteja akituambia "ni 97 tu, si mbaya", tunamwomba atuonyeshe pia seva ilitafuta kurasa mara ngapi.

Asilimia ya kache unaipata kwa amri ya QUERY DB FORMAT=DETAILED. Isome ukijua kwamba ni wastani uliojikusanya tangu hifadhidata ilipowashwa au vipimo vilipoanzishwa upya. Seva iliyowaka miezi mitatu inaweza kuonyesha 99 safi huku usiku wa jana ulikuwa wa taabu. Na seva iliyowashwa asubuhi hii huonyesha namba ndogo kwa sababu kache bado ni tupu. Hapo usiguse kitu.

Sisi tunapenda kupima wakati wa kazi ya kuondoa matoleo yaliyopitwa na muda. Kazi hiyo hupekua sehemu kubwa ya hifadhidata, kurasa nyingi zikiguswa mara moja tu, na ikigongana na bakapu za usiku zote mbili hunyang'anyana kache. Mara nyingi kuisogeza saa chache kunasaidia kuliko kununua RAM.

RAM nayo ina mtego wake. Kabla ya toleo la 6.1 la TSM la mwaka 2009, msimamizi alipanga mwenyewe ukubwa wa kache kwa mpangilio wa BUFPOOLSIZE. Toleo hilo lilileta DB2, programu ya hifadhidata ya IBM, ambayo hujigawia kumbukumbu yenyewe. Sehemu ya RAM inayoruhusiwa kutumia huwekwa kwa mpangilio wa DBMEMPERCENT. Ukiipa nyingi kupita kiasi kwenye mashine yenye programu nyingine, mfumo endeshi huanza kuihamishia kumbukumbu hiyo diskini. Seva itasema imepata ukurasa kacheni, kumbe kache yenyewe imeshahamia diskini. Asilimia inapanda, kazi inazidi kuzorota. Kwa hiyo hatuongezi kitu kabla ya kutazama matumizi ya swap, yaani ile sehemu ya diski ambako kumbukumbu huhamishiwa.

Asilimia ikiwa nzuri kweli na bakapu bado inakawia, tunaiacha kache na kukagua diski zinazobeba hifadhidata na logi zake (kumbukumbu za mabadiliko yake), hasa kama zinatumika pia kwa kazi nyingine.

Ukitaka tukukagulie, tutumie matokeo mawili ya amri ile: moja kabla ya kazi ya kuondoa matoleo kuanza, jingine mara inapomalizika. Ongeza ukubwa wa RAM, aina ya diski na ratiba ya kazi za usiku. Tafadhali usiizime seva kati ya vipimo hivyo viwili, maana hesabu zitaanza upya na hatutakuwa na cha kulinganisha.