Barua kwa mwanangu anayekwenda kufundisha useremala

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu,

Hatujambo hapa nyumbani, ila masika yametuandama. Droo za kabati zimekaza, na mama yako ananiangalia mimi kana kwamba mvua nimeileta mwenyewe.

Ujumbe wako nimeusoma. Umepangiwa Kigamboni, mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, somo la useremala, na unaniuliza kama kazi hii inalipa. Wenzako uliomaliza nao wanafunga makabati ya jikoni Goba na Mbezi, na mteja mmoja akitoa hela vizuri anaupita mshahara wako wa mwezi. Sikubishii. Anayetafuta fedha aende Keko akapange banda. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo ujanani nikabaki na wanafunzi, kwa hiyo nikwambie kilichonibakiza, halafu uamue mwenyewe.

Mtoto akija karakana mara ya kwanza, anakuja na ugonjwa wa darasani. Anakata ubao kidogo, anakimbilia kwako: "Mwalimu, nimepata?" Anaangalia uso wako, haangalii ubao. Miaka yote ya shule amezoeshwa kwamba sahihi na kosa vinatoka kwenye kalamu nyekundu ya mtu mwingine. Mimi simjibu. Nampa skwea, kile kipimo cha pembe mraba, nikimwonyesha dirisha. Aiegemeze skwea kwenye ukingo alioupiga randa, ainue juu kwenye mwanga, achungulie. Mwanga ukipenya chini ya skwea, bado. Usipopenya, amefika. Hapo hakuna kumwonea wala kumpendelea, na hata akiwa mtoto wa mkuu wa shule mwanga utapenya tu.

Basi kuna siku, huwezi kuipanga wala kuiwahisha, unamwona amemaliza kupiga randa na hakuangalii tena. Anakwenda dirishani mwenyewe, anachungulia, anakunja uso, anarudi benchi kuendelea. Hakuna aliyemwambia kitu. Mwanangu, hayo ndiyo malipo ninayoyajua mimi. Nimeona watoto waliokuwa wakiitwa vilaza hadi na wazazi wao wakifika hapo mapema kuliko wenye alama za juu, maana mwenye alama za juu ana kawaida ya kusubiri kusifiwa.

Ukishamfikisha hapo, jiandae, atakupima na wewe. Kuna msichana wa kidato cha pili niliyemfundisha namna ya kuikagua skwea yenyewe: unachora mstari, unaigeuza skwea upande wa pili, unachora tena palepale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana, imepinda, na pengo unaloliona ni kosa lake mara mbili. Akazipitia skwea zote za karakana, moja baada ya nyingine, kisha akanijia mbele ya darasa zima: "Shikamoo mwalimu. Samahani, hii unayotumia wewe ndiyo mbovu." Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Ile skwea ilikuwa imedondoshwa sijui na nani. Nilifurahi kuliko siku nyingi nilizoshangiliwa.

Kazi ya kwanza usiwape stuli, wape mbuzi ya nazi. Watu wanaidharau kwa sababu iko kila jiko, lakini ina kila kitu. Miguu miwili inakatana na kujikunja, kwa hiyo asipochora sawasawa haitafunga. Ina kikalio, kwa hiyo msasa lazima upite vizuri, anayekaa atamwambia. Chuma chenye meno kinafungwa puani, kwa hiyo pua lazima ifuate nyuzi za ubao. Ukiikata kukatisha nyuzi, nazi ya kwanza tu inavunjika. Na ubora wa mbuzi haupimwi shuleni. Anaipeleka nyumbani Mbagala, bibi anaikalia akakuna nazi ya wali, Jumatatu mtoto anarudi na majibu. Mmoja aliniambia bibi yake amesema inayumba ila asiiguse, ataizoea. Hakukubali. Akaja nayo kwenye daladala asubuhi, amebanwa na watu kila upande, akapunguza mguu mmoja kwa tupa na kuirudisha jioni.

Hesabu itaingia yenyewe, usiihubiri. Fremu ya meza ikitaka kukaa mraba, wapimishe sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, mshazari usome 100. Watakwambia mwalimu, hii si ya Pythagoras? Waache wagundue kwamba walichokikariri kinashika meza.

Sayansi vilevile. Mbao nyingi za msindano (paini) tunazopata hapa zinashuka kutoka Mafinga, na mara nyingi zinafika mbichi. Chukua ubao mpana, pima upana na urefu wake wakati wa masika, andika kwa penseli nyuma yake, uuweke. Kiangazi upime tena. Upana utakuwa umepungua kwa milimita kadhaa, urefu karibu uleule. Baada ya hapo hutahitaji kuwaeleza kwa nini uso wa meza haupigwi misumari kwenye fremu pande zote ukabanwa. Wataijua mbao inapumua kwa upana, na aliyeibana ataipasua. Ukipata kipande cha mpingo, kitose kwenye ndoo ya maji mbele yao. Kitazama, wao watashangaa, na hapo ndipo uwaambie kwamba klarineti za Ulaya, zile ala za muziki za kupuliza, zinatengenezwa kwa mti huu unaoota Lindi na Mtwara.

Sasa la kukera. Tangu sera ya Mwalimu Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 tumekuwa tukisema mikono na akili viende pamoja, na shule ngapi zimeishia kulifanya jembe adhabu ya wachelewaji? Sera hii ya elimu ya 2023 imeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na mimi naiunga mkono, lakini nakuonya: watajaribu kukuletea waliofeli na watukutu, kana kwamba mbao hazihitaji akili. Shule moja niliyopitia waliwahi kunitumia mtoto aje kufagia maranda kama adhabu. Nilimpa patasi na jiwe la kunolea. Usigombane na mtu ofisini. Wapokee wote, halafu mwisho wa muhula weka kazi zao nje, wazazi wazione.

Na wewe ni mwanamke. Wageni wataingia karakana wakuulize fundi yuko wapi. Wajibu unavyotaka, nakujua hukosi la kusema.

Mashine zichelewe. Msumeno wa duara unamfanya mtoto aone amejua kabla hajajua, tena unachukua vidole. Muhula wa kwanza wote uwe wa randa, patasi na msumeno wa mkono, na kunoa kuje kabla ya kukata, maana patasi butu ndiyo inayoteleza ikaingia kiganjani. Kama kuna mvule au mkongo, wazibe pua na mdomo wakati wa msasa; vumbi lake linawasha.

Kuhusu vifaa, usisubiri vya shule. Jumamosi njoo tuzunguke Gerezani, tutachagua patasi na randa pamoja. Skwea utaigeuza palepale dukani hata muuzaji akinuna. Halafu nina lile benchi langu la mninga lenye jiriwa mbili za kubania mbao, huku linazeeka bure. Nipimie upana wa mlango wa karakana yako unitumie, nijue kama litapita zima au nilifungue miguu kabla ya kulipakia kwenye kirikuu.

Baba yako