Msituhesabie draiva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa teknolojia ulitushauri kwamba tukienda kununua iafoni za kuingia ndani ya sikio tuulize kwanza zina draiva ngapi, yaani vile vispika vya ndani, maana zikizidi idadi na sauti nayo huzidi usafi. Nilicheka, kisha nikaona hasira kidogo. Ushauri huohuo nilipewa Darajani mwaka jana, ukanila Sh 45,000 na heshima yangu ya kazi.

Mimi ni mnukuzi wa mahojiano. Watafiti huja Unguja, huenda Paje, Jambiani na Makunduchi, huwarekodi watu, kisha huniletea faili niyaandike maneno yao kama yalivyotoka mdomoni. Nakaa Mikunguni, feni juu ya kichwa, kanyagio la kusimamisha na kurudisha sauti chini ya mguu, iafoni masikioni kwa muda wa saa saba au nane kwa siku. Huu mwaka wa tisa. Cheti cha ufundi wa sauti sina, ila masikio yangu ndiyo yanayonilisha.

Siku niliyokwenda Darajani iafoni zangu za zamani zilikuwa zimekatika waya upande wa kushoto. Kijana wa duka akanitolea kiboksi cheusi. "Bi mkubwa, chukua hizi. Kila sikio draiva tano. Hizo zako moja tu, utasikia nini?" Nikamwambia, mwanangu, nifungulie nijaribu. Akasema kikifunguliwa kimeuzwa. Nikanunua hivyohivyo, kama mtu anayenunua nazi bila ya kuitikisa.

Wiki ileile nilikuwa na mahojiano ya mzee mmoja wa Jambiani, yamerekodiwa pwani wakati wa kusi, upepo unaingia moja kwa moja kwenye maikrofoni. Mzee anaulizwa mkewe hufanya kazi gani. Anajibu: "Maji yakitoka, mke wangu anavua." Mimi nikaandika "anafua". Kwenye jedwali la mtafiti, mwanamke anayechokoa pweza akageuka mfua nguo. Kosa hilo lilijirudia mara nne katika ukurasa mmoja, na aliyeligundua ni mwanafunzi wa Kiswahili aliyekuwa akisoma kwa kupita tu. Niliona haya.

Baadaye nilikaa nikajiuliza limetokea wapi. Jaribu mwenyewe: weka kidole kooni useme "fua", kisha "vua". Mdomo ni uleule, meno juu ya mdomo wa chini, tofauti ni mvumo wa koo. Mvumo huo uko chini kabisa, kwenye sauti nzito. Zile draiva tano zilikuwa zimepandishwa besi kupita kiasi, na upepo nao unaishi hukohuko chini, kwa hiyo nilichoongezewa ni upepo. Ukavuma mpaka ukalifunika koo la mzee. Nilipopata iafoni nyingine nikairudia sehemu ileile, "anavua" ikatoka waziwazi kama mtu kanisemea sikioni.

Hizo nyingine zina draiva moja.

Niseme kwanza draiva ni nini, kwa kuwa makala yenu iliruka hapo. Ni spika ndogo iliyomo ndani ya iafoni. Ya kawaida, inayoitwa dainamiki, ina umbo la spika ya redio iliyosinyaa: sumaku, koili ya waya mwembamba, na kiwambo kama cha ngoma, kipana milimita 6 mpaka 10 hivi au zaidi kidogo. Umeme ukipita kwenye koili, koili inacheza, na kiwambo kinasukuma hewa. Kwa kuwa kiwambo ni kipana na kinakwenda mbele na nyuma kwa uhuru, besi huitoa bila ya taabu. Mara nyingi gamba lake hutobolewa kitundu cha kupumulia. Kitundu hicho ukikiziba kwa kidole besi hubadilika, na kikiachwa wazi kelele za nje nazo hupenya.

Aina ya pili ilitoka kwenye vifaa vya watu wenye uzito wa kusikia. Waingereza huiita balanced armature. Ni kiboksi cha chuma kifupi kuliko punje ya mchele wa basmati iliyopikwa. Ndani yake mna ulimi wa chuma, kama ulimi wa zumari, umesimamishwa katikati ya sumaku mbili bila ya kuegemea upande wowote. Koili ikipata umeme, ulimi unavutwa huku au kule, na kijiti chembamba kinaupeleka mtikisiko kwenye kiwambo. Kwa udogo wake ina wepesi mkubwa: konsonanti zinatoka zimekatwa kwa wembe. Lakini hewa inayoweza kuisukuma ni kidogo, kwa hiyo sikio lisipozibwa vizuri besi yake huporomoka.

Hapo ndipo hesabu ya draiva ilipoanzia. Katikati ya miaka ya 1990, Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Marekani ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma wao iafoni za kuvaa jukwaani, akagawa kazi ndani ya kila sikio, draiva moja ishike sauti nzito na nyingine ishike nyembamba. Ilikuwa na maana kwa mtu anayepiga ngoma mbele ya spika kubwa kama milango. Wengine wakafuata, wakaongeza tatu, nne, tano, na siku hizi wengi huchanganya dainamiki moja ya besi na hizo ndogo za juu. Za kwangu za Darajani zilikuwa za mchanganyiko huo, moja kwa nne.

Ugumu ni kwamba ukigawa kazi lazima uweke mpaka. Mpaka huo ni kapasita na rezista, vipande vidogo vya umeme, za kuamua sauti ipi iende kwa nani, na pale draiva mbili zinapokutana, moja inaweza kuwa inasukuma huku mwenzake anavuta. Zikifanya hivyo zinauana, na sauti ya hapo inabaki shimo. Manahodha wengi chombo huenda mrama, wazee walisema, ingawa kwa haki niseme fundi mzuri anaweza kuwapanga manahodha wakaelewana. Nimewahi kuvaa za mtafiti mmoja zenye draiva tatu, sikusikia mshono wowote. Za kwangu mshono ulisikika. Nikizichomeka kwenye kompyuta yangu kuukuu sauti ya mtu ilikuwa ya rangi moja, nikizihamishia kwenye simu rangi nyingine, kwa sababu ukinzani, yaani namna unavyouzuia umeme, wa mchanganyiko kama ule hupanda na kushuka kutoka sauti hadi sauti, na kila mashine inauchukulia kwa namna yake.

Sasa nije kwenye ushahidi ninaotaka mwandishi wenu auangalie. Kuna kampuni ya Marekani, jimbo la Illinois, inaitwa Etymotic. Aliyeianzisha mwaka 1983, Mead Killion, alitokea Knowles, watengenezaji wa vile viboksi vya vifaa vya kusikia. Mwaka 1991 walitoa ER4, draiva moja tu ya ulimi kila sikio, na watu wa kazi za sauti wakaishika mpaka leo. Baadaye walitoa mbili za bei nafuu zaidi: ER3SE yenye draiva ya ulimi, na ER2SE yenye dainamiki. Aina mbili zisizofanana hata kidogo ndani, lakini zimelengwa kutoa sauti moja. ER3SE niliachiwa na mtafiti aliyemaliza kazi yake akarudi kwao, ER2SE anayo mwenzangu wa Kikwajuni. Tulikaa barazani kwake tukabadilishana, faili moja, mama wa Makunduchi akieleza mambo ya skuli. Yupo mahali anaposema "walileta sindano". Kwa iafoni nilizopewa bure na simu, ambazo sauti za juu zimefifia, hata mtu mwangalifu angeandika "shindano", na chanjo ingegeuka mashindano. Kwa hizi mbili, sindano ilibaki sindano. Kuzitofautisha ilitubidi tutafute wimbo wenye besi ya chini kabisa, hapo dainamiki ikaonekana ina uzito kidogo zaidi. Kwa maneno ya watu, mwenzangu aliziba macho nikambadilishia mara sita akanambia nisimpotezee wakati.

Kinachonunuliwa basi ni mikono na masikio ya aliyezirekebisha. Tundu la sikio letu, lenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, hujikuzia lenyewe sauti za kandokando ya hezi 3,000, yaani mitikisiko 3,000 kwa sekunde, na humo ndimo unamokaa uwazi wa maneno. Ukilichomeka kizibo, ukuzaji ule unapotea au unahama. Fundi asipourudisha kwa kipimo chake, watu wote watasikika kama wanazungumza nyuma ya pazia, awe ameweka draiva moja au kumi.

La pili ambalo makala haikuligusa ni vipira. Vile vya silikoni vinavyokuja kwenye boksi, saizi tatu, ambavyo wengi hatuvibadilishi hata siku moja. Weka wimbo, ivute iafoni nje milimita mbili. Besi imekwenda! Sikio langu la kushoto linataka kipira kidogo na la kulia cha kati. Nimelijua hilo mwaka wa tano wa kazi, kabla ya hapo nikidhani sikio la kushoto limechoka. Etymotic hutumia kipira chenye kofia tatu kinachoingia ndani sana, na sitadanganya, wiki ya kwanza kinakera kama kidole cha mtu. Unasikia unavyotafuna. Lakini kelele za nje zinapungua kwa zaidi ya desibeli 30 (kipimo cha ukubwa wa sauti), feni inapotea, bodaboda inapotea, na sauti naishusha. Kwangu hilo si anasa. Shirika la Afya Duniani na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, mwaka 2019 waliweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Saa 40 ndiyo wiki yangu ya kazi. Na kila ukipandisha desibeli 3 muda huo unakatika nusu.

Iafoni zisizokuwa na waya nilizijaribu pia, yaani zile ndogo za kuchaji kwenye kijaluba. Nyingi zina dainamiki moja, na chipu ndani yake inapiga hesabu ya kuirekebisha sauti, kwa hiyo huko idadi ya draiva ina maana ndogo zaidi. Kwa kusikilizia barabarani sizilaumu. Kwa kazi yangu zina maradhi mamoja: nikisimamisha faili kisha nikaiendeleza, huchelewa kuamka zikameza silabi ya kwanza. Kwa Kizungu labda haidhuru. Kwa Kiswahili ukanushi mara nyingi umekaa mwanzoni. "Hawakutulipa" inakuwa "wakutulipa", "sitaki" inakuwa "taki", na mtu aliyekataa unamwandika mwenye jibu lisiloeleweka. Nilizitumia siku mbili.

Usiku nikimaliza kazi nasikiliza taarabu, na hapo nakiri naiacha ER3SE mezani. Nataka ngoma ya dumbak inigonge kifuani na besi iwe na mwili, na dainamiki ya Sh 30,000 yenye kiwambo cha milimita 10 inanitosha na kubaki. Nikifika kwa Siti binti Saad, sahani alizorekodi Bombay mwaka 1928 na kuendelea, hapo iafoni zote huwa ndugu. Sauti za juu kabisa hazikushikwa na mashine za wakati ule, na hapana draiva ya kuzirudisha. Sauti yake iko palepale katikati, kwenye mchakato wa sindano, inatosha.

Ninaloomba ni mambo mawili. Mwandishi wenu akilinganisha iafoni tena, azijaribu kwa sauti ya mtu anayezungumza Kiswahili kwenye upepo au sokoni, siyo kwa nyimbo za klabu peke yake, kisha atueleze alitumia kipira gani. Na wenye maduka waweke walau jozi moja ya kila aina kwa kujaribia, na pamba na spiriti ya kufutia pembeni.

Ile faili ya Jambiani niliisahihisha yote bila ya malipo, kurasa 31. Draiva tano nimempa mpwa wangu wa Fuoni. Anasema besi tamu, shangazi, hujui muziki.

Mnukuzi,
Mikunguni, Unguja