Neema, usiiuze kwanza

Moshi, Jumapili usiku

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako niliusoma peke yangu mara mbili, mara ya tatu nikamsomea mama yako kwa sauti. Akacheka pale uliposema watu wa meza ya mbele walikutazama kwa huruma. Usimkasirikie. Alikuwa ananicheka mimi, maana hayo hayo ameyaona humu sebuleni miaka kumi na saba, na hakuhitaji kupanda ndege.

Unasema ulisimama huko Copenhagen mbele ya watu kama kumi na watano, wote wapigaji wa ridhaa kama wewe, ukaanza vizuri, ulipofika katikati ukapotea, ukaishusha saksafoni ukasema samahani, ukaenda kukaa. Sasa unataka kuiuza. Siwezi kukukataza, umeinunua kwa jasho lako, kwa zile zamu za usiku za kutandika vitanda vya wageni. Ila nisikilize kidogo, mama.

Kwanza, hapo ulipopotea si pa kuonea aibu. Hakuna mtu mwenye akili anayeanzia baladi, zile nyimbo za jazi za polepole, na Body and Soul, na najua ni mimi niliyekutia tamaa ya wimbo huo, kwa hiyo nusu ya kosa ni langu. Chukua karatasi uchore. Vipimo 32, kila kimoja mapigo manne, vipande vinne vya vipimo nane nane. Cha kwanza, cha pili na cha mwisho ni tuni ile ile. Cha tatu ndicho daraja. Kwenye teno yako, hiyo saksafoni yako, ufunguo wa nyumbani ni E-flati, flati tatu, yaani noti tatu zilizoshushwa nusu hatua, umetulia kama uko jikoni kwa bibi yako. Ukikanyaga daraja tu unarushwa nusu hatua juu: E yenyewe, shapu nne, yaani noti nne zilizopandishwa. Kidole kilichozoea flati kinashangaa. Hujakaa sawa, vipimo vinne baadaye uko kwenye D, shapu mbili. Kisha ndani ya vipimo viwili urudishwe nyumbani kama mtu aliyesukumwa nyuma-nyuma kwenye daladala. Nilifundisha hesabu miaka 31, na nakwambia hilo daraja ni gumu kuliko mambo mengi niliyoyatungia mtihani.

Dawa yake niliigundua kwa kuchelewa: usianze wimbo mwanzoni. Mwanzo sote tunaujua kwa sababu kila tukikosea tunarudi mwanzo. Mimi miaka miwili ya kwanza niliupuliza mwanzo maelfu ya mara na daraja labda mara hamsini. Anzia darajani. Lipige lenyewe, polepole mpaka mama mwenye nyumba wako akudhanie umelala.

Na nikisema polepole hebu tupige hesabu, maana wewe ulisema "wimbo ulikuwa wa polepole tu, nilidhani ni rahisi". Mapigo 60 kwa dakika, pigo moja kila sekunde. Kipimo kimoja sekunde nne. Kipande cha vipimo nane, sekunde 32. Wimbo mzima mara moja, dakika mbili na sekunde nane. Sasa shika pumzi yako uone sekunde nne zilivyo ndefu ukiwa na noti moja tu mdomoni na watu wanakutazama. Nyimbo za haraka zina vichaka vya kujifichia. Noti ikiwa mbovu imeshapita, imefunikwa na nyingine kumi. Kwenye baladi noti mbovu inakaa pale, inavuta kiti, inaomba chai.

Unakumbuka, au labda ulikuwa mdogo, nilipoanza? Nilikuwa na miaka 46. Kabla ya hapo nilipuliza tarumbeta za kanisani tangu ujana, kwa hiyo nilijiona fundi. Saksafoni niliinunua Dar es Salaam kwa mzee mmoja aliyewahi kuipuliza kwenye bendi za dansi. Yeye aliiita mdomo wa bata, kama walivyozoea wenyewe, na alinipa na kanda moja kuukuu iliyoandikwa kwa kalamu "Hawkins, usikilize usiku". Nikarudi nayo kwa basi nimeipakata kama mtoto. Siku ya kwanza nikajaribu noti ya chini kabisa, ile B-flati ya kufunga kila kitu. Kesho yake mama jirani akauliza kwa adabu ng'ombe wetu anazaa lini.

Baba yangu mkubwa naye aliposikia napiga jazi alifurahi sana, akaja na rafiki zake wawili wamechomekea. Kwa wazee wale jazi ni Morogoro Jazz, ni Western Jazz, ni Kilwa Jazz: magitaa, tarumbeta, rumba, watu wasimame wacheze. Nikawapulizia baladi. Mzee mmoja akauliza msiba ni wa nani.

Turudi kwenye kanda. Ile ilikuwa ni Coleman Hawkins, mpuliza teno wa Marekani, santuri aliyorekodi New York tarehe 11 Oktoba 1939, wimbo huo huo uliokuangusha. Alikuwa amerudi Marekani mwaka huo baada ya miaka mitano Ulaya. Anaupiga mzunguko mara mbili, dakika tatu hivi, basi. Na ukisikiliza vizuri, tuni yenyewe anaigusa mwanzoni tu, kisha anaiacha na hairudii tena. Kinachobaki ni njia ya wimbo, na yeye anatembea humo akisema yake. Watu wa kawaida waliinunua mno santuri hiyo, ndilo linalonishangaza mpaka leo, maana si muziki wa kupiga mluzi barabarani.

Nilitaka kuwa yule. Mwaka mzima nikawa naandika noti zake moja moja kwenye daftari la mraba-mraba, nasimamisha kanda, narudisha, nasimamisha, mpaka kanda ikaliwa na redio. Nikazijua kama nusu. Na nilipozipuliza zilisikika kama mtoto wa darasa la nne anayesoma hotuba ya rais. Noti ni zile zile, lakini hakuna anachokisema.

Ndipo nikamsikia Ben Webster, naye mpuliza teno wa Marekani, na hapa, mwanangu, wewe una bahati ambayo mimi sina, maana amezikwa huko huko uliko. Alizaliwa Kansas City mwaka 1909, akapiga kwenye bendi ya Duke Ellington mwanzoni mwa miaka ya arobaini, akahamia Ulaya mwaka 1964 na hakurudi tena kwao. Alifia Amsterdam mwaka 1973, lakini wakamzika Copenhagen, kwenye makaburi ya Assistens. Uzeeni alipunguza noti mpaka zikabaki chache, na mwisho wa noti zake ndio unaonimaliza: sauti inakata, pumzi inaendelea. Unasikia hewa tupu ikipita kwenye shaba, fff, kama mtu anataka kuongeza neno halafu anaacha. Nikadhani, ahaa, huyu naweza kumfuata, noti ni chache. Nilijidanganya tena, ila kwa faida.

Sauti ile wenyewe wanaiita sabtoni. Sikufundishwa na mtu, lakini nitakueleza nilivyoipata. Taya la chini lishushe kidogo, kama unataka kusema "oo" ukaghairi. Mdomo wa chini usiubane kwenye ridi, kile kipande kinachotetemeka mdomoni. Ulegeze, ulalie kuelekea ncha. Kisha hewa iwe ya moto na nyingi, ile unayohemea miwani kabla ya kuifuta, siyo ile ya kupuliza mshumaa. Mwanzoni itatoka hewa tupu bila noti. Vumilia. Anzia G ya katikati, teremka noti moja moja, F, E, D, mpaka C ya chini. Ikifika siku C ya chini inatoka kwa sauti ndogo bila kukoroma, nipigie simu hata kama ni saa nane usiku.

Na kama haitoki kabisa, usijilaumu kabla hujaikagua ala. Zile pedi za ngozi zinazofunika matundu zikivuja kidogo tu, noti za chini hazitoki taratibu, zinataka kupigiwa kelele. Chukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, iweke chini ya pedi, funga kwa nguvu ile ile unayopigia, kisha ivute. Ikiteleza bila kushikwa, panavuja. Zungusha pedi nzima hivyo. Yangu ilivuja miezi minane na mimi nikajiona sina kipaji. Fundi viatu wa sokoni ndiye aliyenikatia kipande cha ngozi, akakibandika vizuri kuliko fundi mmoja wa ala niliyemlipa hela nyingi mjini.

Ridi pia. Usinunue ngumu kwa sifa. Ni kipande cha tete tu, na kuna siku linaamka na kisirani. Mimi napiga namba 2½ na sioni haya.

Lakini haya yote, mama, ni vyombo vya jikoni. Chakula chenyewe ni maneno.

Yuko mpuliza teno mwingine wa Marekani, Dexter Gordon, naye aliishi huko kwenu tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini mpaka 1976, akipiga sana pale Montmartre, ile klabu ya jazi. Kabla ya baladi alikuwa na desturi ya kusimama na kuyatamka maneno ya wimbo, taratibu, kwa ile sauti yake nzito, kama mtu anayesoma shairi kwenye harusi. Kisha anapuliza. Nilipomsikia akifanya hivyo nikajua kwa nini daftari langu lilikuwa bure. Yeye alijua kila noti ni silabi ya neno gani. Mimi nilijua ni kidole gani.

Nikajifunza maneno ya Kiingereza. Nikayakariri vizuri, unanijua. Haikusaidia. Maneno yale ya mapenzi ya watu wa New York nilikuwa nayaelewa kama navyoelewa maelekezo kwenye boksi la dawa. Hayajawahi kutoka kinywani mwangu nikiwa na uchungu wala furaha. Sijawahi kumwambia mama yako lolote kati ya hayo, na angenishangaa.

Basi usiku mmoja umeme umekatika, wewe una homa, umelala kwenye kochi, nikachukua ule wimbo wa bibi yako wa kubembelezea. Unaujua. Ule ambao mstari wa tatu alikuwa anauvuta mpaka unasinzia kabla haujaisha. Nikaupuliza kwa saksafoni, polepole, sabtoni, na kila noti ilikuja na silabi yake imeshikana mkono. Sikufikiria pumzi nivute wapi. Nilivuta pale bibi yako alipovuta. Wala sikufikiria noti ipi niirefushe. Mama yako alitoka chumbani na taa ya chemli, akasimama mlangoni, hakusema kitu. Ni mara ya kwanza hakuniambia nifunge dirisha.

Tangu hapo ndivyo nifanyavyo. Kabla ya baladi yoyote ya Kimarekani napiga kwanza wimbo ambao maneno yake ni yangu, wa kubembeleza au tenzi ya kanisani, polepole kuliko inavyoimbwa. Halafu ndipo naingia ugenini, mdomo ukiwa bado unakumbuka kwao. Na kwa ule wimbo uliokuangusha niliandika maneno ya Kiswahili ya kwangu, mabaya kabisa, hayana vina, mengine yanahusu mbolea ya kahawa. Sitakutumia. Andika yako, hasa ya darajani. Mtu hapotei kwenye sentensi anayoijua.

Usidhani nimefika. Mwezi wa Agosti, kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yako, wakaniomba nipige wakati wa chakula. Nimevaa suti. Nimefika mzunguko wa kwanza, kipande cha pili, najisikia Webster kabisa, mara mshereheshaji akachukua kipaza sauti: "Asante mzee wetu, tumepumzika vya kutosha, sasa wenye miguu yao!" Didjei akafungulia. Sikulifikia hata daraja. Nimekaa chini, nikala pilau yangu. Nilikuwa nimeudhika, sikufichi. Lakini nje, dereva wa pikapu ya matarumbeta, kijana mdogo tu, alinifuata akaniuliza ile sauti ya mwisho ninaitoaje, ile kama pumzi. Tukakaa nusu saa kwenye bodi ya gari anajaribu kwenye tarumbeta yake. Haiwezekani kwenye tarumbeta, au yeye na mimi hatujui, ila tulicheka sana.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku yako ya mapumziko nenda pale makaburini Assistens umsalimie mzee Webster. Huna haja ya kupeleka maua, mwambie tu unatoka Moshi. Kisha rudi ukapige wimbo wa bibi wiki mbili, huo tu. Halafu daraja.

Ukija Desemba niletee boksi la ridi namba 2½ za teno. Hapa zimebaki mbili na moja ina ufa. Mama yako anasema uvae soksi za sufu, na anauliza kama yule dada wa chumba cha pili bado anatumia sufuria zako.

Jumapili ijayo saa tatu usiku ya huku nitakuwa nimekaa na simu. Nipulizie daraja. Usinipigie mwanzo, mwanzo naujua.

Baba yako