Mlango wa eksirei ufungwe jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi nimempeleka mtoto wa dada kupiga eksirei ya mkono kwenye kituo kimoja hapa Mwanza, sikitaji, mlango wa chumba uko wazi mashine inapiga na benchi la wagonjwa liko hapo hapo, mama mjamzito kakaa anachezea simu. Nikaambiwa nimshike mtoto, aproni ya risasi (yale madini mazito yanayozuia mionzi) imetundikwa ukutani ina vumbi, nimepewa baada ya kuomba, na yule kijana wa eksirei kile kibeji cha kupimia mionzi kakiacha kwenye droo! Sasa kinapima nini, droo?

Sisemi watu waogope, eksirei ya kifua ni kama milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 0.1 tu, ila siti skani ya tumbo inaweza kufika 10, na kikomo cha mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa 20 kwa mwaka, raia 1 ukiacha matibabu yake mwenyewe. Mionzi kidogo haiumi wala hainuki, inaharibu vinasaba kimyakimya, kansa ikija inakuja miaka mingi baadae, nani atakumbuka huo mlango? Tume ya Nguvu za Atomiki, wanaosimamia usalama wa mionzi nchini, wana sheria tangu 2003, basi waje kukagua bila kupiga simu kwanza.

Msomaji wenu, Mwanza